Kikao Mfukoni, Glasi Mkononi

Mimi si mlevi, na sipendi watu wanaoanza maelezo yao hivyo, maana ukimsikia mtu anaanza hivyo ujue kuna chupa mahali. Basi tuseme ukweli: kuna chupa. Ni moja, naifungua Ijumaa, inakwisha Jumapili, na kikibaki kidogo nakitia kwenye mchuzi wa nyama. Ni mvinyo mwekundu wa Italia, wa bei ya kawaida, na unakaa rafu ya chini katika duka la vileo lililo karibu na kwangu hapa Saint Louis Park, jimboni Minnesota. Wanaojifanya wajuzi wanaupita wakielekea rafu za juu. Wenyewe waliouzalisha wanauita mvinyo wa kila siku, yaani wa kunywea na chakula, wa mtu aliyetoka kazini.

Nami natoka kazini. Maabara yetu iko Savage, upande wa mtoni, na kazi yangu ni kupima udongo wa viwanja vya ujenzi. Mtu akitaka kusimamisha ghala, udongo wake unaletwa kwetu kwenye mirija, mimi namwambia kama utabeba au hautabeba. Nimefanya hivyo tangu nilipomaliza chuo hapahapa, miaka zaidi ya ishirini. Sina cha kuisifia kazi hiyo wala cha kuilaumu.

Mvinyo wenyewe una uchachu. Aliyezoea mvinyo mtamu wa zabibu za Dodoma, kama nilivyouzoea mimi ujanani, atakunja uso kwa funda la kwanza na kuuliza kama umeharibika. Haujaharibika. Kula kwanza kipande cha nyama yenye mafuta, kisha unywe tena, utaona jinsi unavyosafisha mdomo na kukurudisha kwenye sahani. Mimi naunywa na machalari, ndizi zetu za kupika na nyama, ingawa ndizi zenyewe ni za dukani na zimesafiri kuliko mimi. Sinusinusi glasi wala siizungushi. Nakunywa polepole, nusu glasi, halafu nusu nyingine, na kwa saa moja hivi sidaiwi neno na mtu.

Ijumaa nakula na jirani yangu wa ghorofa ya juu, Mtanga, Mwislamu, mtu wa swala tano, ambaye huja na soda yake ya tangawizi na kuketi mbali kidogo na chupa. Haniingilii kwa dini. Ananiingilia kwa maneno. Mimi nina tabia ya kusoma karatasi ya nyuma ya chupa kila mara, ingawa naijua kwa moyo: shamba la familia moja, kilima kimoja, kizazi cha nne, kaka na dada na baba yao, na mchoro wa nyumba ya mawe. Siku moja aliniangalia nikisoma, akasema, "Mwenzangu, hiyo barua ya posa utaijibu lini?" Akacheka peke yake. Kisha akasema, "Hao Wataliano unawajua kuliko watu wa kwenu." Nilimwambia ale ndizi kabla hazijapoa, anyamaze. Ilinikera kwa sababu ilikuwa kweli.

Watu wa kwetu wako Kilimanjaro, kwenye kihamba. Kwa asiyejua, kihamba ni shamba la nyumbani la Mchaga: migomba juu, kahawa chini yake, nyumba katikati, makaburi ya wazee pembeni, na mpaka wa masale, mimea ile ya majani marefu ambayo mtu haing'oi hivihivi. Mila yetu humpa mziwanda, mtoto wa mwisho wa kiume, nyumba ya wazazi na kihamba chake, kwa kuwa yeye ndiye aliyetarajiwa kubaki nao. Mimi ndiye mziwanda. Nilikuwa sijakanyaga pale miaka kumi na moja.

Aliyebaki ni dada yangu. Alirudi nyumbani kutoka Arusha zamani, baada ya ndoa kumshinda, na sanduku moja na mdomo uliofungwa. Akamuuguza mama mpaka mama akafa. Akaendelea kukaa, akipalilia, akichuma kahawa, akifuga ng'ombe mmoja wa maziwa. Kila kahawa ikitoa maua ananitumia picha, na mimi namjibu kwa alama ya kidole gumba. Naandika haya bila kujipamba. Mtu ananitumia shamba zima lenye maua meupe, mimi namrudishia kidole.

Mwisho wa Januari kaka yetu mkubwa, anayeishi Moshi mjini, alinipigia simu. Lami imefika, alisema, na chuo kimefunguliwa karibu, wanafunzi wanatafuta vyumba mpaka wanalala jikoni kwa watu. Yeye na kaka wa pili, aliyeko Dar es Salaam, walikuwa wameshakubaliana. Kahawa ing'olewe yote, migomba ipunguzwe, vijengwe vyumba vya kupangisha kwa safu mbili. Nyumba ya mama ivunjwe, maana iko katikati.

"Na dada?" nikauliza.

"Dada atapewa chumba. Kimoja kizuri, cha mwanzo, karibu na bomba."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe wa nini tena kwenye hosteli? Mdogo wangu, wewe umesoma. Kihamba ni chako, hatuwezi kugusa bila neno lako. Tutakaa kikao, useme ndiyo, tuendelee."

Nilimwambia nitafikiria. Sikufikiria. Kusema kweli sikutaka dada atolewe, na sikutaka kugombana na kaka ambaye ndiye aliyenilipia nauli ya kuja huku. Nilichotaka ni nisiulizwe. Kila aliponitumia ujumbe nilimwandikia, "Shikamoo kaka, nipo, tutaongea," na yeye akaandika, "Marahaba, tunakusubiri wewe tu."

Kikao kikapangwa Jumamosi moja ya mwisho wa Februari, saa tatu usiku kwao, saa sita mchana kwangu. Wiki hiyohiyo mwenye duka la vileo akabandika tangazo mlangoni: Jumamosi, saa sita mchana, atakuwepo binti wa lile shamba la mvinyo wangu, mwenyewe, kutoka Italia, kuwaonjesha wateja. Nilisimama kwenye baridi nikalisoma tangazo lile mara mbili. Nilifurahi kama mtoto, na sioni haya kusema.

Nikafanya tunachofanya wengi huku. Vikao vya nyumbani tunavihudhuria kwenye simu, na tumevihudhuria tukiendesha gari, tukisukuma toroli la manunuzi, tukimnyoa mtoto nywele. Unajiunga, unasalimia, unazima kipaza sauti, unaitia simu mfukoni. Jina lako linaonekana kwenye vioo vya wenzako, nao wanasema fulani yupo. Namjua bwana mmoja wa Inver Grove Heights aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi huku akifanya kazi yake ya kufunga mabomba chini ya sinki. Nilijua pia kwamba vikao vyetu hutumia saa nzima kusalimiana na kulaumiana kabla ya kufika kwenye jambo. Nikapiga hesabu zangu: nionje, ninunue, nitoke, niwahi jambo lenyewe. Nikasema shikamooni, nikazima sauti yangu na yao, nikaiweka simu kwenye mfuko wa koti, nikaingia dukani.

Binti wa shamba alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mfupi, amevaa koti jepesi ambalo nadhani mtu alimdanganya kwamba Februari ya Minnesota litaiweza. Viganja vyake vilikuwa na nyufa na kucha fupi kabisa. Alimimina kidogo kwenye vikombe vya plastiki juu ya meza ya kukunja, katikati ya makopo ya bia. Kiingereza chake kilikuwa cha taratibu, na changu pia bado ni cha taratibu, kwa hiyo tulielewana kuliko kawaida. Nilimwambia nimekunywa mvinyo wao kila wiki kwa miaka sita. Akaweka chupa chini, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Wewe unalima?" akaniuliza. Sijui aliona nini.

Hapo ndipo nilipofunguka. Mimi, ambaye pale maabara wanajua tu kwamba natoka Afrika na napenda kukaa karibu na dirisha, nilimweleza mgeni yule kihamba chetu chote. Nilimweleza kahawa inavyolelewa kivulini mwa migomba, na mfereji wa maji aliouchimba baba wa babu yangu na wenzake kutoka juu mlimani, unaopita mpaka leo kwa zamu. Nilimwambia sisi nasi ni kizazi cha nne. Nilisema tunalima, tunachuma, tunakausha. Wewe! Tunakausha na nani? Mikono yangu haijagusa jembe tangu nivae viatu vya chuo.

"Nani yuko shambani sasa, wakati wewe uko hapa?" akauliza.

"Dada yangu. Anafanya kila kitu."

"Basi ni shamba la dada yako."

"Hapana," nikasema, nikitabasamu bado, "ni langu. Kwetu ni la mtoto wa mwisho wa kiume."

Hakunicheka wala hakukasirika. Alipangusa mdomo wa chupa kwa kitambaa, akaniambia kwamba kwao pia lilikuwa la kaka yake, ambaye alikwenda mjini kutengeneza lifti na anaipenda kazi yake. Yeye ndiye aliyebaki na baba. Baba alichukua miaka miwili kukubali kuandika jina la bintiye kwenye karatasi, na kwa miaka hiyo miwili yeye binti hakupanda mzabibu hata mmoja. "Mzabibu unataka miaka kabla haujakupa kitu," alisema. "Nani atapanda mahali ambapo kesho ataambiwa atoke?" Kisha akamgeukia mteja mwingine, maana foleni ilikuwa inasubiri, akammiminia.

Nilinunua chupa mbili nikatoka. Kwenye gari niliziweka kiti cha abiria, nikakumbuka jambo ambalo sikuwa nimelikumbuka kwa muda mrefu. Mwaka juzi, kwenye picha moja, niliona mikahawa ya upande wa juu imezeeka, na nikamuuliza dada kwa nini hapandi miche mipya. Alijibu, "Tutaona, mdogo wangu." Mimi nikafikiri ni uvivu. Mungu anisamehe, nilifikiri hivyo kweli.

Nikatoa simu. Kikao kilikuwa kimekwisha. Siku hiyo, kumbe, hawakulaumiana, walikwenda moja kwa moja kwenye jambo. Kulikuwa na ujumbe wa sauti wa kaka wa pili, sauti ya mtu aliyeshiba: "Mdogo wetu, tumekuuliza mara tatu mbele ya wote, ukiwepo, hukupinga. Tumekuelewa. Asante kwa hekima yako. Mafundi wanaingia baada ya Pasaka."

Katika vikao vya ukoo wetu mwenye mali huulizwa mara tatu. Akiwa hayupo, jambo huahirishwa. Akiwepo akanyamaza, amekubali, na hiyo ndiyo heshima yake kwa wakubwa, kwamba hakuwalazimisha wamsikie akisema ndiyo. Mimi nilikuwepo. Jina langu lilikuwa pale kwenye kioo muda wote, nikinyamaza kwa heshima kubwa, huku nikimwelezea Mtaliano kuhusu mfereji.

Ujumbe wa pili ulikuwa wa dada. Hakulia. Ningeona nafuu kama angelia.

"Mdogo wangu, nimesikia umekubali. Sina neno, ni haki yako. Nina ombi moja tu. Ng'ombe ana mimba ya miezi sita, na wamesema auzwe kabla ya Pasaka. Waambie wasubiri azae. Mimi hawatanisikia. Wewe watakusikia."

Nilikasirika. Niliwakasirikia kaka zangu kwanza, halafu nikamkasirikia dada kwa kutopiga kelele, kwa kuomba siku za ng'ombe badala ya kuomba zake. Mwisho nikabaki mimi, na hapo hapakuwa na mtu wa kumlaumu mbele yangu. Gari lilikuwa limepoa, pumzi yangu inaganda kwenye kioo. Nikampigia.

"Dada, shikamoo. Sikusikia walichoniuliza."

"Marahaba. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo lakini nilikuwa dukani. Simu ilikuwa mfukoni."

"Duka gani?"

Ningeweza kusema la chakula. "La mvinyo," nikasema.

Nikasikia ng'ombe akilia nyuma yake, au labda ni mlango. Kisha akasema, "Haya. Angalau umesema kweli." Hakuna aliyewahi kunitukana vibaya kuliko ule upole wake.

Nikamwambia sikubali nyumba ivunjwe. Akauliza nasema hivyo kwa hasira au kwa akili. Nikamwambia kihamba nakiandika kwa jina lake, chote, kuanzia masale ya juu mpaka mfereji. Nilidhani atashukuru. Badala yake alikuja juu.

"Usinipe shamba kwenye simu nikiwa nimeshavua kitenge cha kikao! Kesho watasema nimeota, au nimekuloga. Kama unanipa, nipe mbele yao. Na uwashe hiyo sauti yako."

Tukaomba kikao kingine Jumapili, saa kumi jioni kwao baada ya kanisa, saa moja asubuhi kwangu. Nililala vibaya. Asubuhi niliketi mezani, nimevaa shati lenye kola, simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari, mikono yangu yote miwili mezani. Walikuwa wameketi sebuleni kwa mama. Kaka mkubwa kwenye kiti cha baba, mjomba mmoja kama shahidi, kaka wa pili kwenye kioo chake kutoka Dar es Salaam, na dada amesimama mlangoni pa kuingilia jikoni, alikosimama siku zote kwenye vikao.

Niliwasalimu mmoja mmoja. Nikaomba radhi kwa Jumamosi, na nikasema nilikuwa wapi, na nikasema kwamba kimya changu hakikuwa jibu, kilikuwa utovu wa adabu. Mjomba akaguna. Kisha nikasema kihamba nampa dada, na barua ya mwanasheria itafuata.

Kaka mkubwa hakuamini kwamba amesikia vizuri. "Mwanamke?"

"Ndiyo, kaka. Aliyekilima."

"Akiolewa tena?"

"Ana miaka hamsini na saba, kaka. Akiolewa tutacheza ngoma."

Kaka wa pili alicheka kwa bahati mbaya, akajirudi. Kaka mkubwa hakucheka. Aliinama kwenye simu mpaka uso wake ukajaa kioo chote, akasema kwa sauti ya chini, sauti aliyoitumia tulipokuwa wadogo kabla ya kutuchapa: "Sawa. Umetoa. Sasa niambie, wewe utazikwa wapi? Aliyetoa kihamba hana kwao. Ukifa huko kwenye barafu yako, maiti yako itapita mpaka wa nani?"

Niliogopa. Nasema wazi kwamba niliogopa, mtu mzima, saa moja na nusu asubuhi, jikoni kwangu. Sisi tulioko huku tunajua tutakapozikwa kabla ya kujua tutakapoishi. Nimebadilisha makazi mara saba katika miji ya huku na sikujali hata mara moja, kwa sababu chini ya yote hayo palikuwa na kipande kile kando ya mama ambacho hakuna aliyeweza kuninyang'anya. Na hapo nilikuwa nimekitoa kwa mdomo wangu. Kaka alijua pa kunipiga.

Dada alitoka mlangoni. Hakuomba nafasi ya kusema, jambo ambalo sijawahi kuliona katika kikao cha nyumbani kwetu. Alikuja akasimama nyuma ya kiti cha baba, akaichukua simu mkononi mwa kaka, nikamwona uso wake karibu kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Alikuwa amezeeka. Hakuna picha ya maua iliyowahi kunionyesha hilo.

"Atazikwa hapa," alisema. "Kando ya mama, upande wa kahawa. Mwenye nyumba ni mimi na nimeshasema, hilo limekwisha." Kaka mkubwa akafungua mdomo, naye akamwinulia kiganja bila kumtazama. Alikuwa ananitazama mimi. "Lakini mimi sihitaji maiti yako, mdogo wangu. Makaburi ninayo ya kutosha ya kufagia. Nakutaka ukiwa unatembea. Unakuja lini?"

Nilifungua mdomo niseme Desemba, kama wanavyosema Wachaga wote walioko mbali, na kama nilivyomwambia yeye kila mwaka kwa miaka kumi na moja. Nikaanza kulia pale mezani mbele ya kaka zangu, nao wakasubiri jibu.